Penye Mpaka wa Kanda Ndipo Penye Hatari

Kichwa cha mtu anayeogelea, kikitazamwa kutoka kwenye kiti cha nahodha wa boti ya kasi, hakizidi ukubwa wa boya dogo la wavu. Bahari ikiwa shwari huonekana; upepo wa alasiri ukishainua viwimbi vya nusu mita, kichwa hicho hufichika kila wimbi linapopita mbele yake, huibuka kwa muda mfupi, kisha hufichika tena. Boti inayokwenda mafundo 30, yaani takribani kilomita 55 kwa saa, humaliza mita 100 kabla sekunde 7 hazijatimia. Katika sekunde hizo nahodha anatakiwa amwone mtu, atambue kuwa ni mtu wala si taka inayoelea, aamue apinde upande gani, na chombo chenyewe kiitike usukani. Hakuna anayepaswa kuyaweka maisha yake rehani kwa hesabu ya namna hiyo, na ndiyo sababu mamlaka za pwani hugawa maji katika kanda: hapa pa waogeleaji, pale pa pikipiki za maji, kule pa mashua za matanga, na katikati njia ya kutokea na kuingilia.

Ugawaji huo umezoeleka mno. Ramani hupakwa rangi, maboya hutiwa nanga, bango husimikwa ufukweni, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Hoja yangu ni kwamba hapo kazi huwa imefika nusu, kwa sababu wapangaji humalizia akili yao yote ndani ya kanda na kuzisahau kingo zake. Ndani ya kanda watu wanafanana. Waogeleaji huenda kwa mwendo mmoja na huonana kwa kimo kimoja. Wenye boti za kasi nao huyajua mazoea ya wenzao. Ni kwenye mpaka ndipo wa polepole anapokutana na wa haraka, asiye na kinga na mwenye injini, na pale ndipo uangalifu wa mpangaji unapohitajika kuliko mahali pengine popote.

Msingi wa sheria ya mwendo majini ni Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 1977. Kanuni ya 5 inamtaka kila nahodha aangalie na kusikiliza wakati wote, na ya 6 inamtaka aende kasi iliyo salama kulingana na mwonekano, wingi wa vyombo na uwezo wa chombo chake kusimama. Ni kanuni njema, na zinambana mwenye boti ndogo ya starehe kama zinavyombana nahodha wa meli ya mafuta. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya chombo na chombo. Mzamiaji hutajwa kwa kupitia chombo kinachomhudumia, ambacho hutakiwa kuonyesha bendera ya herufi A, muogeleaji hatajwi. Pengo hilo limeachiwa sheria za kila nchi, na ubora wa sheria hizo hutofautiana mno.

Ufaransa imeweka ukanda wa mita 300 kutoka ufukweni ambamo kasi isizidi mafundo 5. New Zealand imechukua mita 200 kutoka ufukweni kwa kasi ileile, ikaongeza sharti ambalo naliona kuwa la busara zaidi: mafundo 5 pia ndani ya mita 50 kutoka kwa chombo kingine au mtu yeyote aliye majini, popote pale alipo. Sharti la kwanza linakulinda ukiwa mahali fulani. La pili unakwenda nalo. Muogeleaji aliyechukuliwa na mkondo hadi nje ya maboya haipotezi haki yake ya kutogongwa kwa sababu tu amevuka mstari ambao hakuuona.

Kwa nini mafundo 5, wala si 10? Swali hili lina jibu la kifundi ambalo wenye kutunga kanuni wangelielewa wasingefanya maridhiano mabaya. Boti ndogo ya injini ina mienendo miwili. Ikienda polepole hukaa ndani ya maji na kuyapasua. Ikienda kasi hupanda juu na kuteleza usoni mwa maji. Katikati ya mienendo hiyo kuna hali ya tatu ambamo boti inajitahidi kupanda lakini haijapanda: tezi, yaani sehemu ya nyuma, imezama, omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka, nahodha haoni mbele, na nyuma yake yanatoka mawimbi makubwa kuliko yale ya kasi ndogo na hata yale ya kasi kubwa. Kwa boti ya urefu wa mita 6, mwendo wa kupasua maji hukoma karibu na mafundo 6. Kwa hiyo mamlaka inayosukumwa na wenye boti wanaotaka mafundo 15, na waogeleaji wanaotaka 5, ikaamua kuwaridhisha wote kwa kuweka 10, huwa imechagua kasi ambayo boti nyingi ndogo huona vibaya na kuchafua maji kuliko kasi zote.

Nimeliona jambo hili kwa karibu, nikiwa nimeketi kwenye benchi la nyuma la boti kama hiyo. Tulitoka kwenye ukanda wa mwendo mdogo kwa adabu zote, na mara tu boya la mwisho la njano lilipofika ubavuni, nahodha akasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho. Omo ikapanda. Kwa sekunde nne au tano, mbele yetu hapakuwa na bahari bali anga tupu, na nahodha, mtu makini asiye na masihara, aliinuka kwenye kiti na kunyoosha shingo akijaribu kuchungulia juu ya omo yake mwenyewe. Hakuvunja kanuni hata moja. Alifanya kile ambacho boya lilimruhusu, mahali palepale lilipomruhusu, na mahali hapo ndipo ulipoishia uwanja wa kuogelea. Katika mwendo mzima wa siku ile, dakika aliyokuwa kipofu ndiyo dakika aliyokuwa karibu zaidi na watu.

Ndiyo maana nasema mstari wa waogeleaji na mstari wa kasi visiwe mstari mmoja. Kati yao pawe na maji matupu, ukanda wa kupumulia, ambao muogeleaji haruhusiwi kuufikia na mwenye boti haruhusiwi kuongeza mafuta ndani yake. Upana wake upimwe kwa umbali ambao boti za mahali hapo huhitaji ili omo ipande na kushuka tena, kisha uongezwe kiasi cha mtu aliyechoka kupeperushwa na mkondo. Hii inamaanisha kuyatoa maji mengi katika matumizi, na wenye biashara ya michezo ya majini watalalamika. Wasikilizwe, lakini ukanda huo usiuzwe.

Pikipiki za maji zina shida ya peke yao hapa. Chombo hiki hakina usukani wa kuzama majini. Hugeuka kwa kuelekeza mchirizi wa maji unaosukumwa nyuma na pampu yake. Mwanagenzi anapoona mtu mbele, mkono wake huachia mafuta kwa silika, kama ambavyo angefanya akiwa barabarani. Pampu hunyamaza, mchirizi hukatika, na katika aina nyingi uwezo wa kugeuka hupungua sana au hutoweka, chombo kikaendelea moja kwa moja kuelekea alichokuwa anakikwepa. Anayepewa chombo hiki baada ya maelezo ya dakika mbili, halafu akaambiwa apunguze mwendo ghafla kwenye mpaka wa kanda, amewekewa mtihani pale pale asipoweza kuufaulu. Mafunzo ya kukodi yanapaswa kuanza na jambo hili moja, na yafanyike majini mbali na watu, mkodishaji akishuhudia mteja akikwepa boya kwa mafuta yakiwa yamefunguliwa.

Mpaka mwingine unaosahaulika ni njia ya kutoka ufukweni. Kila boti inayokaa nje ya eneo la waogeleaji lazima ilivuke eneo hilo ili ifike nchi kavu, na njia hiyo, yenye kuta za maboya kushoto na kulia, ndiyo mpaka mrefu kuliko yote kwenye ramani. Ipangwe wapi? Wengi huiweka palipo na kina, na mara nyingi penye kina ni penye mwanya kati ya mafungu ya mchanga. Lakini katika fukwe zenye mawimbi, mwanya huohuo ndio mlango ambao maji yaliyoletwa na mawimbi hurudia baharini kwa nguvu. Uso wake huwa umetulia, mawimbi hayavunjiki hapo, na asiyejua huona ndipo pazuri pa kuogelea. Mkondo ukimbeba, unamtoa moja kwa moja kwenye njia ya boti. Sisemi njia isiwekwe hapo kamwe, kwa maana huenda pengine hakuna kina cha kutosha. Nasema ikiwekwa hapo, waogeleaji wasogezwe mbali nayo pande zote mbili, na mwokoaji aketi akiitazama njia hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna kanuni nyingine ambayo mabaharia huijua bila kufundishwa, na ambayo nimeikosa katika mipango mingi: kila chombo kichukuliwe kana kwamba kitazimika. Boti iliyozimika injini hufuata upepo na mkondo. Mwenye ubao wa tiara, anayevutwa juu ya maji na tiara kubwa, ambaye upepo umemwishia, au kamba zake zimejifunga, naye hufuata upepo na mkondo, akiburuta nyuzi zenye urefu wa mita ishirini na kitu. Kwa hiyo kabla ya kuchora kanda, mtu aulize upepo wa kawaida wa alasiri unatoka wapi na maji yanapojaa na kupwa yanaelekea upande gani, kisha vyombo viwekwe upande ambao vikizimika vitapeperuka mbali na watu. Pakiwa na mvutano kati ya upepo na mkondo, ugawaji ubadilike kwa saa: eneo liwe la waogeleaji asubuhi na la tanga alasiri. Kubadilisha kwa saa kuna mpaka wake pia, ile nusu saa ya mabadiliko, na nusu saa hiyo ibaki tupu kwa sababu zilezile za ukanda wa kupumulia.

Sasa tuyatazame maboya yenyewe, ambayo kwenye ramani huonekana kama misumari iliyopigiliwa. Boya hukaa kwenye mnyororo, na mnyororo lazima uwe mrefu kuliko kina, la sivyo mawimbi yatang'oa nanga. Kwenye kina cha mita 10, mnyororo wa urefu mara tatu humruhusu boya kuhama zaidi ya mita 25 kutoka nanga yake, upande wowote ambao maji yanavuta. Ukingo wa kanda, kwa hiyo, hutembea. Nao ufukwe hutembea zaidi. Mahali ambapo sakafu ya bahari huinama mita 1 kwa kila mita 50, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yakipwa kwa mita 3 huurudisha ukingo wa maji nyuma kwa mita 150. Sheria ya Ufaransa hupima mita zake 300 kuanzia pale maji yalipo, ikimaanisha kuwa ukanda wa kisheria husogea na maji huku maboya yakibaki yalipotiwa nanga. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tofauti ni ndogo. Wakati wa bamvua, nahodha mgeni anayeamini maboya na nahodha mwenyeji anayeijua sheria huwa wanasoma mipaka miwili tofauti juu ya maji yaleyale.

Rangi ya maboya hayo pia inahitaji neno. Katika mfumo wa kimataifa wa maboya uliokubaliwa mwaka 1980, dunia imegawanyika katika maeneo mawili, A na B, ambayo rangi nyekundu na kijani zimebadilishana pande za njia. Njano, rangi ya alama maalumu, ni ileile kotekote, na hiyo ni neema kwa wageni. Tatizo ni kwamba njano humwambia nahodha kuwa hapa pana jambo maalumu, aitazame ramani alijue. Mtu aliyekodi boti kwa saa tatu hana ramani ya bahari, na pengine hajawahi kuiona. Ndiyo maana navutiwa na desturi ya Ufaransa ya kutumia umbo: boya la mviringo kwa mpaka wa waogeleaji, la umbo la koni na la umbo la pipa kwa kingo mbili za njia ya boti. New Zealand huonyesha kwa nguzo: zenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi kwa njia za vyombo vya kasi, nyeusi na nyeupe kwa maeneo yaliyotengwa. Ishara ya namna hiyo inasomeka bila ramani, na inasomeka na anayeogelea pia, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpa ramani.

Ukitoka kwenye maji ukaingia maofisini, mpaka unakuta uko huko pia. Sheria ya Ufaransa ya Januari 1986 kuhusu pwani ilimpa meya mamlaka juu ya waogeleaji na vyombo vidogo visivyo na injini hadi mita 300, huku vyombo vya injini katika maji hayohayo vikibaki chini ya mkuu wa serikali wa masuala ya bahari. Mpango mmoja wa maboya kwa hiyo huhitaji amri mbili zinazokubaliana. Mfumo huo angalau umeyaweka wazi mambo, na kila upande unajua lazima uzungumze na mwenzake. Kubaya zaidi ni pale ambapo mamlaka ya bandari hudhani ufukwe ni wa halmashauri, halmashauri hudhani maji ni ya bandari, na njia ya boti ikawa haina mwenyewe.

Uingereza ilijifunza somo kama hilo kwa njia chungu. Mwaka 2004 huko Weymouth, pikipiki ya maji iliigonga nyingine na kumjeruhi vibaya aliyekuwa juu yake. Mwendeshaji alihukumiwa kwa sheria ya meli za biashara, lakini Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata kwa hoja kwamba chombo cha kuzungukazunguka baharini bila safari ya kwenda popote si meli kwa maana ya sheria ile. Kimantiki mahakama haikukosea. Sheria ndiyo iliyokuwa imebaki nyuma. Ilichukua hadi Machi 2023 kwa amri maalumu kuanza kutumika, ikiviweka vyombo hivyo chini ya wajibu uleule wa usalama, na adhabu yake kufika kifungo cha miaka miwili. Miaka 17 na zaidi ni muda mrefu mno kwa kanda zilizokuwa zikilindwa na maboya bila sheria kamili ya kuyaunga mkono.

Kuhusu meli kubwa nitasema machache, kwa sababu hapo hoja ni fupi. Kanuni ya 9 ya zile kanuni za mwaka 1972 inakataza chombo chenye urefu chini ya mita 20 kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya njia nyembamba ya maji. Zaidi ya sheria kuna jiometria: kanuni za kimataifa huruhusu uso wa bahari mbele ya omo ya meli kufichika kutoka chumba cha uongozaji kwa umbali unaoweza kufika mita 500. Kayaki iliyo ndani ya umbali huo huenda isionekane kabisa. Vyombo vya starehe visipewe kanda inayopakana na njia ya meli. Na pale visipokuwa na budi kuivuka, mahali pa kuvukia pawe pamoja, panapojulikana, na pavukwe kwa pembe mraba ili muda wa kukaa ndani uwe mfupi iwezekanavyo.

Ni lazima pia tukiri ambacho kanda haiwezi. Mei 2013, katika mlango wa mto Camel huko Cornwall, familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka kwenye boti yao ya kasi. Kamba ya kuzimia injini, inayoizima nahodha akianguka, haikuwa imefungwa kwake. Boti iliendelea kuzunguka yenyewe bila mtu na kuwarudia waliokuwa majini. Baba na binti yake mdogo walifariki, na wengine wawili walijeruhiwa vibaya. Hakuna boya ambalo lingezuia hilo. Kamba ya bei ndogo ingezuia. Marekani, kuanzia Aprili 2021, imelifanya lazima kwa waendeshaji wa boti za starehe zilizo chini ya futi 26 kuifunga kamba hiyo au kifaa cha kazi hiyo boti inapokwenda kasi. Na ripoti za Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo, mwaka baada ya mwaka, hueleza jambo lilelile: takribani robo tatu ya wanaokufa katika ajali za boti za starehe huzama, na zaidi ya wanane katika kila kumi kati ya waliozama hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Kanda nzuri bila jaketi na bila kamba hubadilisha mahali pa kifo tu.

Kinachobaki ni kujua kama mpango unafanya kazi, na hapa mamlaka nyingi hungoja maiti. Ajali za vifo, kwa bahati njema, ni chache mahali pamoja, kwa hiyo hazitoshi kumfundisha mpangaji kitu kwa wakati. Kinachofundisha ni zile nusura: boti iliyokata kona ndani ya maboya, muogeleaji aliyelazimika kupiga mbizi, mashua iliyozimika ikaokolewa hatua chache kutoka kwa watu. Mwokoaji aliye mnarani huziona zote, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Apewe daftari lenye mchoro wa maboya, atie alama mahali, saa, upepo na hali ya maji kila nusura inapotokea. Msimu ukiisha, alama hizo ziwekwe juu ya ramani ya kanda kabla maboya hayajatolewa, wavuvi na wenye boti wakiwa mezani pamoja na waogeleaji. Zikijikusanya karibu na boya fulani, basi boya hilo lihamishwe kabla ya msimu mwingine kuanza, hata kama bango limeshachapishwa.